Damu Yangu Haigandi Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Emilian kaninunulia daftari hili niandike jinsi mtoto anavyocheza tumboni, eti akikua asome. Haya, mume wangu. Leo kacheza mara nne. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa, na bati la maabara yangu linavuja juu ya meza ya hadubini. Nimekinga ndoo. Mimba ina wiki ishirini na nane. Emilian yuko Mbinga na kahawa yake, mimi serikali imenileta huku ziwani kwenye kituo cha afya, tunaonana mwisho wa mwezi kama wachumba.

Alhamisi, 6 Februari

Malaria kumi na moja. Ndoo imejaa mara mbili. Mtoto kacheza.

Jumamosi, 8 Februari

Mwandiko wa leo ni mbovu.

Asubuhi wameleta mama mmoja kutoka Ngumbo, kang'atwa na kifutu akipalilia mihogo. Mguu umevimba kama mto wa kulalia. Dokta Praygod, mkuu wetu, akanipigia kelele kutoka wodini: "Ephrasia! Kipimo cha kuganda, haraka!"

Kipimo chenyewe hakina mashine. Unatia damu kidogo kwenye kichupa kikavu cha kioo, unakisimamisha dakika ishirini bila kukigusa, halafu unakiinamisha. Damu ikiwa imeshikana, mgonjwa ana nafuu. Ikitiririka, sumu imezila protini zinazogandisha damu, na hapo ni mbio. Pembeni unaweka kichupa cha pili chenye damu ya mtu mzima wa afya, ili kujua kama kioo chenyewe ni kizuri. Hicho tunakiita kontroli. Mtu wa afya aliyekuwepo ni mimi. Careen, mkunga wetu, akanichoma akinitania kwamba nina mishipa ya mvivu.

Dakika ishirini zikafika. Nikainamisha cha mgonjwa, kimeganda. Nikainamisha changu. Damu ikateremka kwenye kioo kama juisi ya rozela.

Nikakirudisha. Nikangoja hadi dakika arobaini. Nikangoja saa nzima, mgonjwa kashapelekwa kitandani, mimi bado nimekikodolea macho. Maji matupu.

Dokta alikuwa anadai jibu. Nikaandika kwenye rejista: "Mgonjwa: imeganda. Kontroli: imeganda." Miaka saba kazini, huo ndio uongo wangu wa kwanza kwenye rejista ile.

Niseme wazi ninachoogopa, maana hili ni daftari langu. Mama yangu, Mektilda, alifariki nikiwa na miaka minne, kwenye uzazi wa pili. Mama mkubwa Notburga, dada yake aliyenilea, amenisimulia tangu nikiwa nacheza na makopo: alitoka damu mpaka ikaisha. "Ukoo wetu damu ni maji," ndivyo anavyosema, na kunihesabia babu fulani aliyejikata kwa shoka na asifike nyumbani. Nilipokwenda chuo nilimcheka. Leo sijacheka.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemvaa Getrude anayetufanyia usafi.

"Vile vichupa uliviosha na nini?"

"Maji, dada."

"Maji tu?"

"Na sabuni ya unga kidogo, dada. Vilikuwa vinanuka."

Nilitaka kumbusu. Sabuni ikibaki kwenye kioo, damu haigandi ng'o, kila mtu wa maabara anajua. Badala ya kumbusu nikamfokea mpaka machozi yakamlenga. Ila kichupa cha mgonjwa kilitoka kwenye boksi lile lile na kiliganda. Hilo nimeamua kutolifikiria.

Jumatano, 12 Februari

Nimelifikiria. Nimefungua boksi jipya kabisa, vichupa havijawahi kuona maji wala sabuni. Nikamwomba Careen damu, nikamwambia napima ubora wa vichupa. Yake imeganda dakika ya nane. Yangu mpaka saa sita mchana ilikuwa inacheza.

Nimemwaga, nimenawa, nimekwenda chooni nikalia. Nimerudi nikapima malaria tisa.

Jumamosi, 15 Februari

Sijapiga mswaki siku mbili. Naogopa fizi.

Alhamisi, 20 Februari

Nikiparua samaki wa ziwa hili, mbasa, jikoni kisu kikateleza, kidole cha shahada. Yesu na Maria! Nilikibana kwa kitenge nikakaa chini sakafuni, nasali Salamu Maria moja baada ya nyingine bila kujua niko ya ngapi. Nikaona liwalo na liwe, nikafungua. Damu imekoma. Nilitazama saa ya simu, dakika nne tu zimepita tangu nijikate.

Ingenipasa nifurahi. Sikufurahi. Nilikaa nimekishika kile kidole saa nzima, kwa sababu sikukiamini. Mbasa mwingine, aliyekuwa tayari motoni, akaungua.

Jumanne, 25 Februari

Kama nina kichaa basi kina utaratibu wake. Nimekwenda kwa Wendelin, mchinjaji wa hapa senta, nikamwomba nitoe damu kwenye mishipa ya wanyama kabla hajawachinja. Kaniangalia tumbo, kaniangalia sindano.

"Dada wa maabara, mimba inakutuma damu ya mbuzi?"

"Inanituma ya kila mnyama. Nishikie pembe."

Kamshika, huku anacheka mpaka kofia inadondoka. Mbuzi kaganda dakika ya sita.

Jumamosi, 1 Machi

Nguruwe, dakika tano. Ng'ombe, tisa. Mbasa niliyemkuta bado anapigapiga mkia mwaloni kwa wavuvi sikumaliza hata kufunga kichupa, damu ilishakuwa bonge. Sungura wa mwalimu mkuu, saba. Mbwa wa mlinzi kakataa.

Nimetoa daftari langu la chuo. Protini za kugandisha damu zimepewa namba, moja mpaka kumi na tatu, namba sita haipo, walikosea zamani wakaifuta. Zinaamshana, moja inamgusa mwenzake. Nikasoma kwamba mbuzi anazo, ng'ombe anazo, hata samaki anazo nyingi. Nikafunga daftari. Wanyama wote wa Mungu damu yao inashikana, mimi tu ndiye nimeachwa.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Padre kanipaka majivu na kuniambia mimi ni mavumbi. Nilikuwa nimeshajua.

Mchana Careen kanikuta nyuma ya wodi ya wazazi, anakofugia kuku wake, nimemshika mmoja wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, nimemlaza ubavu, natafuta mshipa chini ya bawa.

"Ephrasia, huyo ana malaria?"

Damu ya kuku niliiacha ya mwisho kwa sababu kila aliyechinja kuku ameiona ikiganda kwenye sahani, ina nini cha kunifundisha? Nikaivuta kwa sindano taratibu, safi, nikatia kwenye kioo, nikakaa kwenye ngazi na kichupa mkononi.

Dakika ishirini, maji. Arobaini, maji. Saa nzima, maji.

Nikaangua kilio pale pale ngazini. Careen akanishika bega, nikamwambia yote: kontroli, rejista, mama yangu, mbasa. Hakucheka. Yule kuku alishakimbia zamani. Nilipomtazama kule kwenye pumba, jogoo alimdonoa kwenye ile shingo tupu, tone moja likatoka, akajikung'uta, akaendelea kula.

"Mbona hafi?" Careen akauliza.



Ijumaa, 7 Machi

Nimerudia. Kuku watatu. Damu ya sindano haigandi kwenye kioo. Damu inayochuruzika shingoni akichinjwa, dakika moja tu ni bonge. Kuku yule yule! Nikachukua kichupa kilichokuwa kimekaa maji muda wote ule, nikatupia kipande cha nyama ya kuku kidogo kama punje ya mchele. Kikashika papo hapo.

Kwenye kioo haigandi, kwenye nyama inaganda. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu pembeni mwa ukurasa.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkubwa kapiga simu kutoka Kingerikiti. Shikamoo, marahaba, mvua, mahindi, kifua chake. Nikamuuliza, "Mama, siku ile mama yangu anafariki, damu ilitoka wapi? Alikuwa ameshajifungua?"

Akakohoa kwanza, kile kifua chake.

"Ilitoka," akasema. "Mwanangu, mambo hayo usiyaulize ukiwa na mimba."



Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Dokta Praygod kanipima kwa ultrasaundi. Mtoto kalala kukingama, kichwa kushoto, matako kulia. "Asipogeuka tutakupasua, Ephrasia. Hapa hapa, Aprili mwishoni. Hakuna shida, nimefanya nyingi."

Neno kupasua likanitoa kila kitu mdomoni. Nikamwambia. Kachukua rejista, kaisoma ile tarehe nane, kaifunga.

"Wewe ndiye ninayekuamini kuliko wote kituo hiki," kasema. "Unaandika uongo kwenye kipimo cha nyoka?"

"Nisamehe, Dokta."

"Sikupasui." Alikuwa kavuta kiti mbali nami, kama vile mimi ndiye kifutu. "Hapa nina chupa mbili za damu kwenye jokofu. Nikikufungua na isigande, nitakutazama ukifa. Utapanda juu milimani kwenye hospitali kubwa, na sampuli yako tunaituma Dar ipimwe kila protini. Mpaka majibu yarudi, hakuna mtu atakayekugusa na kisu."

Nilimchukia kwa lile neno. Mchaga mrefu na miwani yake, anajiona. Nikaenda zangu. Ila nilipogeuka mlangoni nilimwona amevua miwani, anajipangusa uso, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa. Sijui kwa nini hilo lilinitisha zaidi kuliko maneno.

Jumanne, 18 Machi

Sampuli imeondoka. Mvua haijakoma siku sita.

Jumamosi, 22 Machi

Dokta kaja maabarani leo, si siku yake ya kazi, simu mkononi.

"Kuku wako yuko sahihi," kasema, na kuigeuza ndoo yangu ya kukingia mvua akaikalia bila kuuliza.

Amesoma usiku kucha. Ndege hawana protini namba kumi na mbili. Hawajawahi kuwa nayo. Nyangumi na pomboo nao waliipoteza. Na wote hawafi kwa vidonda. Namba kumi na mbili ndiyo inayoamka damu ikigusa kioo. Damu ikigusa nyama iliyochanika, huanzia mlango mwingine, na namba kumi na mbili hata haiulizwi. Ng'ombe, mbuzi, nguruwe, wote wanayo, ndiyo maana waliganda kwenye vichupa vyangu.

"Kuna watu wachache huzaliwa bila hiyo," kasema. "Wanajijua wakipimwa tu. Hawatoki damu kuliko wewe na mimi." Akajishtukia. "Kuliko mimi, yaani."

Nikacheka mara ya kwanza tangu Februari. "Kwa hiyo utanipasua hapa?"

Akasimama. "Inaweza kuwa namba kumi na mbili. Inaweza kuwa namba nane, na ukiwa huna hiyo utaisha mezani. Kichupa hakisemi ni ipi. Tungoje majibu."

Jumamosi, 29 Machi

Hili nalo nimelifanya, Mungu anisamehe kama ni dhambi.

Ili kujua kama mlango wangu wa nyama unafunguka, nilihitaji nyama ya mtu. Careen ndiye aliyewaza: kondo la nyuma. Huku kondo huzikwa, halichezewi, na bibi wa mzazi ndiye anayelibeba. Leo kajifungua binti mmoja, salama. Careen kampigia magoti bibi yake, kamweleza ukweli: mwenzetu anaogopa kufa, anaomba kipande kama kucha. Bibi kaniangalia tumbo, kaniangalia usoni.

"Ukimaliza utanirudishia?"

"Nitakurudishia, bibi. Chote."

Tukakisafisha kwa maji ya dripu. Nikachukua damu yangu, nikaitia kwenye vichupa viwili, kimoja kitupu, kimoja chenye kile kipande. Careen akahesabu kwa sauti. Alipofika sekunde thelathini na tano nikainamisha. Limeshika. Bonge, jekundu, halitikisiki hata nikilipindua juu chini.

Kile kitupu kilikaa maji mpaka jioni.

Nimemrudishia bibi kipande chake kwenye pamba, naye kakizika pamoja na kondo lenyewe. Dokta nilimwonyesha. Kakigeuza kichupa mara kumi. "Ni kizuri," kasema. "Si ushahidi."

Ijumaa, 4 Aprili

Mama mkubwa Notburga kafika na begi, kuku wawili na rozari. Mtoto bado kakingama. Majibu bado.

Jumatano, 9 Aprili

Mama mkubwa hataki kula mbele yangu. Nikimwonyesha vichupa anageuka. Namwambia damu ya kuku, anasema kuku si Mkristo.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Maandamano yamelowa, matawi yamelowa, kwaya imelowa. Imepangwa nipande juu Jumanne baada ya Pasaka, Emilian atanipokea Mbinga, majibu yatakuwa yamefika. Nahesabu siku tisa.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Daraja la njia ya kwenda juu limechukuliwa na maji. Mtoto kacheza sana.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Naandika ya Ijumaa Kuu, nikiwa nimeegemea mito miwili. Polepole, maana kila nikicheka au kukohoa natamani kulia.

Saa tatu asubuhi nilikuwa natandika kitanda, chupa ya uzazi ikapasuka. Maji yakanishuka mpaka kwenye ndala. Nilijua hapo hapo, mimi mtu wa afya, mtoto aliyekingama maji yakishatoka hana njia ya kutokea. Atasukumwa mpaka kitu kipasuke, na kitu hicho ni mimi.

Careen kanipima, uso wake ukabadilika. "Mkono umetangulia," kasema.

Dokta kawapigia simu watu wa barabara kuuliza daraja. Wakamwambia greda liko njiani, saa kumi watakuwa wamejaza mawe, gari la wagonjwa litapita. Emilian alikuwa ng'ambo ya pili ya ule mto, ananipigia, nasikia maji yakinguruma nyuma yake. "Usiogope, mama watoto," analia, "usiogope." Nikamkatia simu, maana alikuwa ananiogopesha.

"Tunangoja saa kumi," Dokta kasema.

"Ni saa nne sasa."

"Najua ni saa ngapi! Majibu hayajaja. Nikikosea namba, unanifia mikononi. Chupa mbili, Ephrasia. Chupa mbili tu za damu."

Uchungu ulikuwa unakuja kila dakika tano. Kati ya mmoja na mwingine nilimwangalia na nikaona siwezi kumlaumu, maana hofu yake ni ile ile yangu, nimelala nayo tangu tarehe nane Februari. Nikajisikia nakubali. Nilisema, "Basi tungoje." Nilisema kwa mdomo wangu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkubwa alikuwa koridoni, amesikia yote. Mwanamke ambaye hajawahi kuinua sauti mbele ya daktari kaingia na kanga yake moja begani, kasimama katikati ya chumba.

"Shikamoo, mama," Dokta kasema. "Toka nje, tafadhali."

"Marahaba. Sitoki." Alinigeukia mimi, si yeye. "Ephrasia. Mama yako hakutoka damu."

Nilidhani ni uchungu unaniziba masikio.

"Hata tone. Mtoto alikuwa amekwama kama huyu. Walichukua damu yake wakatia kwenye kichupa, haikuganda. Daktari akasema atamkata hivyo hivyo, potelea mbali. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilimwambia sisi ukoo wetu damu ni maji, ukimfungua hutaweza kumfunga. Nilimpigia magoti asimkate. Akanisikiliza. Tukangoja gari la Songea siku mbili. Alikuwa ananiita dada, dada, na mimi namwambia ngoja. Akafa tunangoja, na mtoto wake tumboni." Akaanguka magoti sakafuni, pale pale kwenye maji yangu. "Miaka thelathini nakudanganya. Daktari, mwanangu, nakuomba kwa magoti yale yale. Mkate."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Dokta," nikasema, "mama yangu alinizaa mimi. Kama damu yake ilikuwa maji, angekufa siku ile." Halafu uchungu ukanishika na nikampigia kelele ambazo Careen anasema zilifika mwaloni: "Nikate! Umeona kichupa! Nikate!"

Dokta Praygod kavua saa yake ya mkononi. Kaiweka dirishani. "Careen," kasema, "leta vitambaa vyote tulivyo navyo."

Hakunichoma ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Alisema damu ikivuja huko hataiona. Akanilaza kwa dawa ya usingizi, na jambo la mwisho ninalokumbuka ni dari, na mimi nikijaribu kuhesabu protini, moja, mbili, tatu, nikaruka sita. Sikufika kumi na mbili. Sijawahi kuogopa vile na naomba nisiogope vile tena.

Niliamka nasikia mtoto analia, si wa jirani.

"Wa kike," Careen kasema. "Kilo tatu na mia moja. Mkono una alama, utapona."

"Damu?"

"Imeganda, dada. Kama ya mtu yeyote. Chupa zote mbili ziko kwenye jokofu."

Dokta alikuwa amekaa chini koridoni, kofia ya upasuaji mapajani, miguu imenyooshwa, Getrude anamnywesha chai kama mgonjwa. Nilipopitishwa kwa machela alininyooshea kidole gumba.

Jumatatu, 21 Aprili

Emilian kavuka mto kwa kamba na kiatu kimoja. Kamshika mtoto, kalia, kamrudisha, kalala sakafuni mpaka asubuhi. Tumemwita Mektilda.

Jumamosi, 26 Aprili

Majibu ya Dar yamefika leo kwenye simu ya Dokta, kaja kunisomea mwenyewe. Protini zote ziko sawa kabisa, namba nane tele. Namba kumi na mbili: chini ya moja kwa mia. Mimi na kuku.

Nimemwomba aniletee rejista. Tarehe nane Februari nimepiga mstari mmoja juu ya neno, nikaandika pembeni: "Kontroli: haikuganda," na saini yangu. Getrude nimemwomba radhi, kanijibu, "Sabuni ile nimeshamaliza kufulia, dada."

Jioni Mama mkubwa alikuwa anaosha nepi kwenye beseni mlangoni. Kuku wake mmoja tumeshamnywa supu, wa pili nimemkataza kumchinja. Aliosha nepi moja muda mrefu sana, halafu akauliza bila kuinua kichwa.

"Ephrasia. Wewe umesoma. Kama wangemkata siku ile, Mektilda angepona?"

Niliutazama mgongo wake. Ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya mazishi. Ndiye aliyeuza mbegu ya mahindi niende chuo. Pengine mama alikuwa kama mimi, pengine kichupa chao kilioshwa kwa sabuni, hilo sitalijua kamwe. Lakini swali aliloniuliza jibu lake nalijua.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ilikuwa imeshachelewa. Hata wangemkata asingepona."

Mabega yake yakashuka. Akaikamua ile nepi, akaianika, akachukua nyingine.

Huo ni uongo wangu wa pili msimu huu. Wa kwanza nimeusahihisha leo kwa kalamu. Huu sitausahihisha.